Mushumaa wa Tribunal na Ufunguo wa Musalani

Lubumbashi (Makomeno), tarehe 19 mwezi wa kwanza 1969

Kwa yaya yangu Madeleine Nkandu, dada yangu mukubwa, pale Kasomeno,

Yambo sana, weye na majirani na mbuzi zako zote. Siye huku tuko bazima, Mungu asifiwe. Muke wangu Honorine anakusalimu. Jino lake lilitolewa Jumanne, na leo ameanza tena kutafuna upande wa kuume. Bana ni bazima, lakini Donat amerudia mwaka ku masomo. Anasema maître wake wa darasa anamuchukia. Maître anasema Donat njo anachukia hesabu. Na kisha misa ya Epifania, mon père, padri wetu, alisema mbele ya bantu bote kama sacristie, kile chumba cha vyombo vya misa chenye natunzaka, haijakuwa safi vile tangu aliposhika parokia. Sikujivuna, yaya. Nilisikia tu moto kidogo ku masikio.

Sasa ikala chini. Umeikala? Tumepata parcelle, kiwanja na nyumba yake.

Iko ku barabara ya kwenda Kasapa, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati mazima, musalani nyuma. Mwenyewe ni bwana mumoja anaitwa Émile Chileshe. Alikuwa na deni kwa muchuuzi wa bière, pombe ya chupa, akashindwa kulipa, tribunal ikaamua parcelle iuzishwe mbele ya bantu bote. Mwenye kuuzisha ni Maître Constantin, huissier, ni kusema muntu wa tribunal wa kukamata na kuuzisha vitu vya benye kushindwa. Ni muzee wa desturi za zamani. Anawasha mushumaa juu ya meza, bantu banataja bei, na mushumaa ukikufwa, yule aliyetaja bei ya mwisho njo mwenye kitu.

Aliyetaja bei ya mwisho ni miye. Mambo ilienda haraka kuliko vile nilifikiri. Ningekuelezea ile siku yote, lakini karatasi imekuwa ndogo.

Kuko pia miti mbili ya ndimu. Moja iko karibu na dirisha, na ingine karibu na ukuta wa jirani, lakini matawi yake yako kwetu, na jirani anasema ndimu zenye kuanguka kwake ni zake, na miye nimemuambia haina shida, ndimu ni zawadi ya Mungu. Zina maji mingi. Honorine alikamua mbili, zikajaza kopo.

Ile mali ya mbuzi kumi na moja uliyonitumia njo imefanya kazi hii, yaya. Kile chumba cha mbele ni chako. Ukuye Pasaka, uikale na siye.

Mudogo wako mwenye kukuombea kila asubuhi,
Casimir Ngosa


Kasomeno, tarehe 11 mwezi wa pili 1969

Casimir mudogo wangu,

Barua yako ilikawia siku tisa mu matope pamoja na camion ya Jeannot, lori la kuleta barua. Yeye alikula mihogo ya bantu ba kijiji siku tisa zote, na sasa banamuita mukwe. Niko muzima. Mvua inanyesha sawa muntu mwenye alilipwa. Mbuzi zenye kubakia ziko mbili, na moja iko na mimba.

Nilipiga magoti niseme asante kwa Mungu juu ya parcelle. Nilipotaka kusimama, goti lilikatala. Mpaka leo linakatala. Infirmier, muuguzi wetu, alilibonyeza, akasema: «Mama, hili goti halitaki camion.» Kwa hiyo Pasaka itakuwa ngumu, mudogo wangu. Nasikitika sana. Usinihurumie, ni mapenzi ya Mungu.

Lakini nina swali moja. Karatasi ilikuwa ndogo juu ya siku ya kuuzisha, halafu ikawa kubwa juu ya ndimu. Nilikulea, Casimir. Wakati ulivunja chungu cha mama, ulituelezea kutwa nzima juu ya ndege wenye uliona ku kisima.

Bei ilikuwa gani, na bale bengine benye kutaka parcelle balikwenda wapi?

Yaya yako,
Madeleine


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa tatu 1969

Yaya mupendwa,

Salamu mingi mu jina la Bwana wetu mwenye kuponya vilema. Siye bote bazima. Jino ingine la Honorine limeanza, sasa ni upande wa kushoto.

Habari ya goti lako ilinichoma moyo. Yaya, usilisukume. Goti ni kitu cha polepole. Usikuye Pasaka. Hata Pentekoste, usiwe na haraka. Nilimuomba mon père aombee goti lako, akaniuliza: «Aombewe apone mbio?» Nikasema apone vizuri tu, hata kama ni polepole.

Na kusema kweli nyumba haijakuwa tayari. Nataka kupaka rangi, na rangi mu mvua haikauke. Tena Émile Chileshe bado anafunga mizigo. Ni muntu mwenye mizigo mingi.

Lakini usiogope, parcelle ni yetu. Huissier alikuya naye mwenyewe, amevaa koti, akanipa ufunguo mbele ya bashahidi babili, akaandika mu karatasi yake kama mununuzi amepewa funguo na ameingia mu mali yake. Nilitia mukono. Kila siku kisha misa ya asubuhi naenda pale na mashini yangu ya kushona, natumika kazi palepale mpaka saa kumi na moja. Bantu ba ile parcelle bananiheshimu. Hakuna mwenye kupita bila kunisalimu.

Juu ya bei, ilikuwa ya chini, ni neema. Juu ya bengine, kulikuwa na bwana Mwansa, mwenye buchari, alikuwa anataka kutaja bei yake, lakini mushumaa ulizimika. Njo sheria.

Kunywa dawa yako.
Casimir


Kasomeno, tarehe 30 mwezi wa tatu 1969

Casimir,

Yambo. Niko muzima, mbuzi imezaa mapacha, catechiste anakusalimu.

Jeannot alikuya jana. Alipewa maji, alipewa bukari, ugali wetu, ndipo akafungua mudomo. Anasema alipita barabara ya Kasapa kutafuta pneu, tairi ya camion, akakuona. Anasema umeikala na mashini yako mbele ya mulango wa musalani. Anasema ufunguo uko ku shingo yako pamoja na rozari. Anasema mbele yako kulikuwa mama muzee mumoja, anasimama ku mguu huu, anasimama ku mguu ule, na weye uko namaliza kwanza kukata uzi.

Nilimuambia Jeannot ni muongo. Aliapa kwa jina la mama yake. Mama yake namujua, basi nilimuamini nusu.

Sasa unieleze. Mbuzi zangu kumi na moja zimenunua nyumba ama zimenunua musalani?

Goti ni afadhali, lakini sasa ni musimu wa samaki. Samaki za Kasenga zinafika kila wiki, na hakuna mwenye kujua kuzipanga ku chumvi sawa miye. Sitakuya mbele ya mwezi wa saba. Inaniuma, lakini samaki haingoje muntu.

Madeleine


Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa ine 1969

Yaya yangu,

Kristu amefufuka, na nakusalimu mu ile furaha. Hongera kwa mapacha. Na juu ya samaki, uko na haki kabisa, fanya kazi yako bila kufikiria siye. Mwezi wa saba iko karibu sana, labda tuseme wa kumi.

Jeannot hakudanganya, lakini alisema vibaya. Yule mama muzee ni mama mukwe wa Émile, na nilikuwa nakata uzi kwa sababu uzi ulikuwa wa soutane, kanzu ya mon père.

Ilikuwa hivi. Siku huissier alikuya kunipa parcelle, Émile alisema funguo za nyumba zilipotea. Muke wake Marceline akasema zilipotea pamoja. Huissier alitafuta, akaona ufunguo mumoja ku musumari, akafurahi, akanipa. Ulikuwa wa musalani. Karatasi yake inasema «funguo», haiseme za nini. Nilimuambia: «Maître, huu ni wa musalani.» Akanijibu: «Bwana Ngosa, musalani uko mu parcelle ama uko nje ya parcelle?» Nikatia mukono.

Nilikwenda kwa jirani yetu Edouard, yule bwana wa Kasai, alikuwaka clerc, karani ku bureau ya avocat mutetea kesi, wakati ya Babeleji, na eko na kitabu cha sheria kikubwa sawa tofali. Mchwa ulikula nusu. Alivaa miwani, akafungua, akasema: «Casimir, muntu mwenye kununua kwa tribunal eko na milango ya kutokea, lakini lazima ajue ni mulango gani.» Anasema kama yule wa zamani anakatala kutoka, mununuzi anarudia kwa huissier na jugement yake, ile karatasi ya hukumu, na basoldat banamutosha nje. Nilimuuliza kama banapiga. Akasema wakati mwingine. Basi nikamuambia tuache ule mulango, ndani ya nyumba kuko bana sita na yule mama muzee mwenye kusumbuliwa na tumbo.

Tena anasema kama kunatokea mwenyewe mwingine wa kweli wa udongo, akuchukulie parcelle, unaomba mali yako kwa ule muchuuzi wa bière mwenye aliikula. Ule ni mulango muzuri, lakini mwenyewe mwingine hatokee. Na kama ni mabati yenye kutoboka ao ukuta wenye kupasuka, nyamaza. Ukinunua ku soko kwa muntu, unaweza kurudisha kitu kibovu. Ukinunua kwa juji, kitu kibovu ni chako mpaka kiama. Nikamuuliza: na kama kuuzisha kwenyewe hakukufanywa vizuri? Akasema basi juji anavunja yote, parcelle inarudia kwa mwenyewe, mali inarudia kwa mununuzi.

Nikauliza tena, polepole: na kama mwenye kuharibu ni mununuzi? Edouard alipindua ukurasa, akapindua ingine, akafunga kitabu. «Hapo,» akasema, «mchwa ulikula.»

Ni yeye aliyeniambia nisiachilie ule ufunguo. Anasema mwenye kufungua njo mwenye parcelle, siku namupa Émile ufunguo nimejitosha nje mwenyewe. Émile naye, bamemushauri asiniombe, kwa sababu akiomba ni kukubali kama miye njo mwenyewe. Basi haombe. Anakuya, anasimama karibu, anaangalia mawingu, anakohoa. Nafungua. Hanishukuru, juu kushukuru pia ni kukubali. Bana bamejifunza kukohoa. Mama muzee hawezi kukohoa sababu ya tumbo, yeye anapiga makofi.

Kuondoka siwezi, yaya. Kama muntu anapata shida na miye siko, ni zambi. Nilimuuliza mon père. Alifikiri sana, akasema: «Petro alipewa ufunguo mukubwa. Weye, shika wako.»

Wala haiko vibaya sana. Marceline ananiletea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, analeta na majupe, sketi zake za kupunguza, anaweka kimya, anaondoka. Émile na miye tunazungumuza juu ya mpira. Wiki iliyopita alikuya akasema: «Mwenye musalani, nimekushitaki.» Nikamuambia asante kwa kunijulisha. Anasema kuuzisha kulikuwa kwa uongo, mushumaa haukukufwa vizuri. Kama bwana Mwansa angetaja bei yake, deni lote lingekwisha na angebakia na kitu cha kupangishia bana nyumba ingine. Sasa amepoteza parcelle na deni bado liko.

Kesi ni mwezi wa sita. Utuombee.
Casimir


Kasomeno, tarehe 18 mwezi wa tano 1969

Casimir mudogo wangu,

Niko muzima. Watoto ba mbuzi banaruka mpaka ku madari. Hii barua itakuwa mufupi, mikono yangu ina chumvi.

Nilisoma yako mbele ya catechiste, tukacheka mpaka mbuzi zikatoka nje. Kisha catechiste alikwenda nyumbani, na nikaisoma tena peke yangu. Ile mara ya pili sikucheka.

Weye umekuwa sacristain miaka makumi mbili na mbili. Unajua mushumaa kuliko mama mwenye kuufanya. Basi niambie: siku ile, mushumaa ulikuwa umebakia urefu gani?

Swali ni hilo tu. Usiniandikie juu ya ndimu.

Yaya yako

Tena: mwezi wa kumi pia itakuwa ngumu. Kuko nyumba ya kuezeka.


Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa sita 1969

Yaya,

Leo sianze na salamu ndefu. Tuko bazima. Baridi iko.

Ulikuwa umebakia urefu wa kidole.

Nitakuandikia yote. Siku ile pa meza ya huissier, nilitaja bei, bei ya chini ya kuanzia tu, nipate moyo. Bwana Mwansa alikuwa anapangusa jasho, aliinua mukono, alikuwa bado anavuta hewa. Huissier aliinama kuokota kalamu. Na miye, yaya, niliona mushumaa umeinama, unamwanga nta juu ya kitambaa cheupe cha meza. Kitambaa cheupe. Sikufikiri parcelle, sikufikiri mbuzi zako. Vidole vyangu vilikwenda ku ulimi, vikatoka ku ulimi vikaenda ku moto, sawa vile vinafanyaka kila siku kisha misa. Nilizimisha. Nikapiga na goti kidogo. Huissier alisimama na kalamu yake, akaona moshi, akapiga meza: «Parcelle ni ya bwana Ngosa.» Bantu balishangaa. Bwana Mwansa mukono wake ulikuwa bado juu.

Ningesema palepale. Nilifungua mudomo. Lakini ule mudomo ulisema: «Asante, maître.»

Tangu ile siku nilijiambia vidole viliteleza, haikuwa miye. Zambi ya vidole. Nilitafuta ku katekisimu, haiko.

Kesi ilikuwa Ijumaa. Tribunal ilijaa. Jamaa yote ya Émile ilikuya, na mama muzee pia, na Edouard na kitabu chake kimefungwa ndani ya foulard. Juji alimuuliza huissier: «Mushumaa ulizimishwa na nini?» Huissier akasema na upepo. Bwana Mwansa akasimama nyuma: «Mheshimiwa, ule upepo ulikuwa na vidole mbili, na ulilamba kwanza.» Bantu bakacheka. Juji akapiga meza.

Akaniita. Edouard aliniambia mu sikio: «Sema haukumbuke. Kutokumbuka haiko uongo, ni ugonjwa.» Nilisimama mbele ya Biblia. Juji akasema: «Bwana Ngosa, ni nani alizimisha?»

Nikaangalia nyuma. Émile alikuwa anaangalia juu, ku madari, vile anaangaliaka mawingu. Na yaya, akakohoa.

Sijui kama alikuwa na mafua. Lakini miezi ine mizima, nikisikia kile kikohozi, nafungua. Nilisema: «Ni miye, mheshimiwa. Na hii hapa ku kidole ni alama ya moto.»

Edouard akatoka nje na kitabu. Juji alifunika uso na karatasi, mabega yake yakawa yanatikisika. Kisha akaniuliza juu ya nini nilizimisha. Nikamuambia juu ya kitambaa. Akauliza: «Kitambaa cha nani?» Nikasema cha tribunal. Akasema mu miaka yake yote hajaona mununuzi mwenye kutunza kitambaa cha tribunal.

Akavunja yote. Kuuzisha haikuwa kuuzisha, parcelle inarudia kwa Émile, muchuuzi wa bière anirudishie mali yangu mbele ya mwisho wa mwezi, na miye nilipie tribunal mushumaa mupya. Kama Émile hajalipa deni lake mu miezi mitatu, batauzisha tena, na miye niikale metre ine mbali na meza. Iliandikwa mu jugement, metre ine. Lakini nafikiri haitafika pale, Émile eko na kaka ku mine ya shaba na amekubali kumusaidia.

Nilirudia parcelle kubeba mashini. Nilimupa Émile ufunguo mu mukono. Aliushika, aliuangalia, akasema: «Casimir, sasa naweza kusema asante. Asante ya tangu mwezi wa pili, yote pamoja.» Marceline alinipa kuku. Mama muzee alipiga makofi, na tukamufungulia haraka, lakini safari hii ilikuwa makofi ya kweli.

Mali yako iko yote, ilitoka kwa muchuuzi jana, imehesabiwa mbele ya Honorine. Nitakutumia na Jeannot, ununue mbuzi zako kumi na moja.

Unisamehe. Hauna tena chumba cha mbele. Sitapata ingine, bei ile haitarudia. Na nitakuambia kitu sijakuambiaka. Wakati nilikuomba ukuye kuikala huku, nilikuandikia kama mabati yako ya Kasomeno yanavuja, na kama huku kuko hospitali na soko. Haikuwa mabati. Tangu mama alikufwa, huku Lubumbashi hakuna muntu mwenye kujua kunikaripia vizuri. Honorine anajaribu, lakini anacheka katikati. Nilitaka ukuye karibu, njo vile tu. Sasa parcelle haiko, na najua samaki na nyumba ya kuezeka hazitakwisha.

Ubakie na amani.
Mudogo wako


Kasomeno, tarehe 29 mwezi wa sita 1969

Casimir wangu,

Yambo. Leo ni sikukuu ya Petro na Paulo, nilikuombea kwa yule mwenye funguo.

Kwanza nikukaripie. Ulikaa na uongo miezi mitano, na ulinifanya nikuombee mvua ikauke juu ya rangi yenye haukununua. Ni mubaya. Kisha ulisema ukweli mbele ya bantu, na parcelle yote ikaenda. Ni muzuri. Nimemaliza kukukaripia. Unaona, sikucheka katikati.

Sasa zamu yangu. Goti langu lilipona mwezi wa tatu, tarehe sita. Samaki za Kasenga, jirani anazipanga ku chumvi vizuri kunishinda, anajua, najua. Nyumba ya kuezeka ni ya kuku. Kila nilipoandika «nasikitika sana», nilikuwa naimba. Na kila uliponijibu «usiwe na haraka», nikasema: Mungu, namna gani huyu mutoto amekuwa na uvumilivu hivi.

Sikutaka kukuya, Casimir. Nilitoa mbuzi kwa sababu nilisikia ndani ya barua yako jinsi ulivyotaka, na sikuwa na moyo wa kusema hapana. Lakini parcelle ni kitu kikubwa. Parcelle na karatasi, na jina lako ku mulango, na chumba cha mbele. Muntu haendi kutembea mu parcelle yake. Anaingia mule, na anatoka siku banamubeba. Niliogopa ile parcelle sawa kaburi yenye ndimu mbili. Niko na miaka makumi tano na tisa, bantu bangu ni ba hapa, udongo wangu ni wa hapa, na bwana yangu amelala hapa nyuma ya kanisa.

Sasa nasikia parcelle haiko tena. Juji ameivunja. Wakati nilifika kwenye neno hilo nilipiga kelele ya furaha, catechiste akafikiri ni uchungu, akaniletea maji.

Usiniletee ile mali. Uiweke. Mbuzi zangu ziko ine sasa, na mapacha ni makali.

Hii barua sitampa Jeannot. Jeannot atanibeba miye, na miye nitabeba barua. Nitaikala wiki tatu, ine kama Honorine hachoke, kisha nitarudia kwangu. Naleta samaki, zile jirani amepanga, ni nzuri zaidi.

Kwa hiyo vile unasoma hapa, niko nimesimama mbele yako ku mulango, na mifuko iko ku miguu yangu. Soma polepole mpaka mwisho, nimekungojesha miezi, naweza kungoja mustari mumoja. Usilie mbele ya bantu ba Makomeno. Pinda karatasi, uweke mu mufuko, na unikaribishe.

Yaya yako,
Madeleine